Kichwa cha Faiba Kilicholegea Gran Sasso: Uchambuzi wa Kisa

Tarehe 23 Septemba 2011, kwenye ukumbi wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, mwanafizikia Dario Autiero aliwaonyesha wenzake hesabu ambayo haikupaswa kuwepo. Nyutrino, chembe ndogo zinazopenya mwamba kana kwamba haupo, zilikuwa zimerushwa kutoka CERN zikapita chini kwa chini kilomita 730 hivi hadi maabara ya Gran Sasso, Italia. Kwa vipimo vya jaribio lililoitwa OPERA, zilifika nanosekunde 60 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) kabla ya muda ambao mwanga wenyewe ungeutumia kwa safari hiyo. Ndani ya nanosekunde 60 mwanga unakwenda mita 18 tu, lakini fizikia tuliyosomeshwa haina nafasi hata ya mita moja: hakuna kinachoupita mwanga.

Magazeti yakamzika Einstein. Februari 2012 CERN ikatoa taarifa kwamba mfumo wa saa wa jaribio hilo umekutwa na dosari mbili, na mojawapo ni kichwa cha faiba, waya wa kioo unaobeba mwanga, ambacho huenda hakikuchomekwa sawasawa. Ikathibitika baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Wanafizikia wamekisimulia kisa hiki mara nyingi, na wachekeshaji mara nyingi zaidi. Mimi nakitazama kwa jicho la fundi wa faiba. Ukimwondoa Einstein na ukaziondoa nyutrino, kinachobaki ni kazi ninayoiona kila wiki: faiba inatoka nje, inaingia kwenye jengo, inachomekwa kwenye kadi ya elektroniki, taa inawaka, fundi anakusanya vifaa anaondoka.

Saa iliyotegemea faiba

Maabara ya Gran Sasso imechimbwa pembeni mwa handaki la barabara kuu, na juu yake kuna mwamba wa mita 1,400 hivi. Mwamba huo ndio uliowapeleka huko, kwa sababu unazuia mvua ya chembe zinazotoka angani. Unazuia pia mawimbi ya GPS. Kwa hiyo kipokezi cha GPS kikawekwa nje, juu ya ardhi, na mpigo wa saa ukasafirishwa kwa faiba ya kilomita 8.3 hadi chini, kwenye kadi ya saa kuu ya OPERA. Kila tukio lililonaswa na mtambo lilipewa muda kwa kufuata saa hiyo.

Mwanga ndani ya kioo hutumia karibu nanosekunde 4.9 kwa kila mita. Kilomita 8.3 ni kama maikrosekunde 41. Ucheleweshaji huo ulipimwa mapema, ukaandikwa kuwa nanosekunde 40,996, ukaingizwa kwenye hesabu kama thamani isiyobadilika. Hapo hakuna kosa.

Kwingine walikuwa waangalifu kupita kiasi. Umbali kati ya CERN na Gran Sasso ulipimwa kwa ukaribu wa sentimita 20. Tetemeko la L'Aquila la Aprili 2009 lilipoisogeza ardhi ya pale kwa sentimita 7 hivi, vipimo vyao viliona. Saa za pande mbili zilioanishwa kwa msaada wa taasisi za kitaifa za vipimo za Uswisi na Ujerumani. Watu wenye uwezo wa kuona mlima umesogea sentimita 7 hawakuona kichwa cha faiba kimelegea, na sababu yake nitaieleza, maana si uzembe kama wengi wanavyodhani.

Desemba 2011 faiba ile ikapimwa upya. Ucheleweshaji ulikuwa umeongezeka kwa nanosekunde 73. Faiba haikuwa imerefuka. Nanosekunde 73 ni kama mita 15 za kioo, na hakuna mtu aliyeongeza mita 15. Tofauti ilikuwa mwishoni kabisa, pale kichwa kinapoingia kwenye kadi. Mpigo wa saa ulifika ukiwa umechelewa, saa ya chini ikabaki nyuma, na kila nyutrino iliyofika ikaandikiwa muda wa mapema kuliko wa kweli.

Dosari ya pili ilikuwa kwenye saa kuu yenyewe: kiini chake cha kuhesabia muda kilikuwa na mwendo usio sahihi kabisa, na athari yake kwa wastani ilikuwa nanosekunde 15 hivi kwa upande wa pili. Toa 15 kwenye 73, unabaki na 58. Makosa mawili yalivutana, na mabaki yao ndiyo yaliyotangazwa duniani kuwa mwendo unaoushinda mwanga.

Ndani ya kichwa

Wasiofanya kazi hii huuliza: kichwa kikilegea, si mawasiliano yanakatika? Hapana, na hapo ndipo faiba inapowazidi ujanja watu waliozoea nyaya za shaba.

Unyuzi wa kioo wa singo-modi, yaani wa njia moja ya mwanga, una unene wa maikromita 125, na sehemu inayobeba mwanga, katikati kabisa, ni kama maikromita 9. Unyuzi huo umeshikwa ndani ya kijiti cheupe cha kauri, ncha yake ikiwa imeng'arishwa. Kichwa kikichomekwa vizuri, ncha hiyo inakaa mahali pamoja tu panapofaa. Kikirudi nyuma kidogo, mwanga unatoka kwenye kioo, unatanuka hewani, na sehemu yake tu ndiyo inayoangukia panapotakiwa. Unaobaki ni mwanga pungufu, lakini ni mwanga.

Kwenye kadi ya OPERA mwanga ule ulipokelewa na fotodayodi, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Umeme wake haufiki juu papo hapo. Unapanda, na saketi inasubiri uvuke kiwango fulani ndipo iseme mpigo umefika. Ni kama kujaza ndoo hadi kwenye alama: ukifungua bomba nusu, maji yatafika kwenye alama ileile, ila yatachelewa. Kwa mwanga mdogo kiwango kilivukwa nanosekunde 73 baadaye. Mpigo haukupotea hata mmoja. Kadi haikupiga king'ora, kwa sababu kwa upande wake kila kitu kilikuwa kinafika.

Kichwa chenyewe kilikuwa cha aina ya kukaza kwa kuzungusha. Mafundi wa kwetu wanaijua aina hiyo kupitia FC, ambayo bado ipo kwenye vifaa vingi vya vipimo na kwenye ODF (paneli za kuunganishia faiba) za zamani. FC ina mtego wake. Pembeni mwa kijiti kuna ulimi mdogo wa chuma, na kwenye adapta kuna mfereji ambao ulimi huo lazima uingie kwanza. Ukianza kuzungusha kabla ulimi haujaingia, pete inashika nyuzi zake, inazunguka raundi moja au mbili, halafu inakaza. Vidole vinakuambia imefika. Kumbe ulimi umekaa juu ya ukingo wa mfereji, na kioo hakijagusana na chochote. Nimeona vichwa vya namna hiyo vikipitisha data miezi kadhaa. Dawa yake haina gharama: sukuma kichwa bila kuzungusha, kizungushe taratibu kushoto na kulia mpaka usikie ulimi umedondoka kwenye mfereji, ndipo ukaze kwa vidole. Koleo liache mfukoni.

SC na LC, aina nyingine za vichwa zinazoingia kwa kusukumwa, hazina nyuzi za kukaza, lakini nazo zinadanganya. SC inaweza kusimama katikati kabla ya mlio wake wa mwisho, hasa pale paneli ilipobanana na kidole hakipati nafasi ya kusukuma. Shika mwili wa kichwa, usishike waya, ukivute kidogo kuelekea kwako. Kikitoka, hakikuwa kimeingia.

Miaka mitatu bila mtu kulalamika

Kilichoniketisha kwenye kisa hiki ni muda. Pale Gran Sasso, umbali wa mita 160 hivi kutoka OPERA, kuna mtambo mwingine unaoitwa LVD. Kuna chembe za angani zinazopita kwa ulalo na kuvuka mitambo yote miwili. Wataalamu wakachukua kumbukumbu za chembe hizo za tangu 2007, wakalinganisha saa za mitambo hiyo. Tofauti ilijitokeza wazi: kuanzia katikati ya 2008 hadi mwisho wa 2011, saa ya OPERA ilikuwa imeruka kwa nanosekunde 73, na kosa la kipimo hicho ni nanosekunde 9. Maana yake kichwa kilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu.

Miaka mitatu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu OPERA haikujengwa kupima mwendo wa nyutrino. Ilijengwa kutafuta nyutrino za aina moja zikigeuka kuwa za aina nyingine njiani. Kwa kazi hiyo walihitaji tu kujua kama tukio limetokea wakati miale ya CERN inafika, na kila mmwago wa miale ulidumu maikrosekunde 10.5. Nanosekunde 73 ndani ya maikrosekunde 10 hazina uzito. Kichwa kibovu kiliishi kwa raha ndani ya kazi isiyokidai usahihi. Siku walipoanza kukidai nanosekunde, kikawa kashfa ya dunia.

Badilisha majina, na hiyo ni hadithi ya nusu ya simu ninazopigiwa. "Faiba ilikuwa inafanya kazi miaka yote, tumeweka swichi mpya za 10G, sasa laini inakatika. Swichi ni mbovu." Swichi za 10G, yaani za gigabiti 10 kwa sekunde, si mbovu. Chukua faiba ya urefu uleule wa kilomita 8.3. Kwa mwanga wa nanomita 1310, kioo kizuri kinapoteza kama desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) 0.35 kwa kilomita, yaani karibu 2.9 kwa njia nzima. Ongeza paneli mbili, kila moja uiruhusu 0.75, na viungio vichache vya kuyeyushwa, jumla inakaribia 5. Moduli, kifaa kidogo cha swichi cha kutuma na kupokea mwanga, inayotuma kwa dBm -2 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, mwanga ni mdogo zaidi) inapaswa kupokelewa upande wa pili kwa -7 hivi. Sasa legeza kichwa kimoja, au acha uchafu katikati ya ncha, upoteze desibeli 6 zaidi. Upande wa pili unasoma -13.

Moduli za kawaida za gigabiti moja za kilomita 10 zinavumilia mpaka -19. Kwao -13 ni karamu. Za 10G za aina ya LR, za kilomita 10, mwisho wake ni kama -14.4. Kwa hiyo hata ukibadilisha swichi, siku ya kwanza taa ya kijani itawaka! Utasaini hati ya makabidhiano. Utakuwa umebaki na desibeli moja na kidogo, na hizo zitaliwa na vumbi, na fundi mwingine atakayepita akisukuma nyaya za jirani, na leza inayozeeka. Baada ya hapo makosa ya data yanapanda, laini inakatika inarudi, na lawama inaenda kwa aliyeuza swichi. Hitilafu ilikuwepo tangu enzi za gigabiti moja. Ilikuwa haijadaiwa tu.

Kurudia kipimo kwa njia ileile

Kwa haki yao, OPERA hawakukurupuka. Walipoona nanosekunde 60 walikagua kwa miezi kabla ya kutangaza, na walipotangaza waliomba wengine wawasaidie kutafuta kosa. Novemba 2011 walirudia kwa namna bora zaidi: badala ya mimwago mirefu, CERN ilirusha vifungu vifupi vya nanosekunde 3, vikiachana kwa nanosekunde 524, ili kila nyutrino ijulikane imetoka kwenye kifungu kipi. Walinasa matukio 20. Jibu likawa nanosekunde 62 hivi. Wengi wakasema: basi, imethibitika.

Lakini saa iliyopima zile 20 ilikuwa ileile, kupitia faiba ileile na kichwa kilekile. Walibadilisha upande wa kurusha, upande wa kupokea ukabaki kama ulivyo. Kosa lililokaa kwenye sehemu ya pamoja halionekani hata ukirudia mara elfu.

Fundi anayebadilisha moduli ya SFP, akabadilisha swichi, akabadilisha na ruta, huku kila mara akichomeka patchi (waya mfupi wa faiba) ileile yenye ncha chafu, anafanya jaribio la Novemba. Tena yeye anaongeza madhara: ncha chafu ikigusana na ncha safi, uchafu unahama. Punje iliyobanwa kati ya vioo viwili inaweza kukwaruza vyote, na mkwaruzo hausafishwi. Mwisho wa siku ana moduli tatu ambazo zote sasa zina uchafu ndani. Mbaya zaidi ni patchi ya kifaa cha kupimia. Inachomekwa kwenye kila tundu la paneli, moja baada ya jingine, na kama haikaguliwi katikati, inagawa uchafu hata kwenye laini zilizokuwa nzima.

Kabla ya kuchomeka

Hapa nasema ninachokitaka kwa mtu yeyote anayeshika faiba kabla ya kuiingiza kwenye kifaa cha mtandao. Kisa cha Gran Sasso kilihusu kichwa kulegea. Uchafu ni ndugu yake wa tumbo moja, kwani vyote viwili vinapunguza mwanga bila kuukata, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Kwanza macho yenyewe. Mwanga wa 1310 na 1550 hauonekani. Usichungulie kwenye ncha wala kwenye tundu la moduli, hata ukiambiwa upande wa pili umezimwa. Wapo wanaojaribu kwa kamera ya simu. Kamera inaweza kuonyesha mwanga wa 850 wa malti-modi (faiba yenye kiini kinene), lakini kwa 1310 na 1550 haioni kitu, na fundi anahitimisha kwamba hakuna mwanga. Tumia kipima mwanga. Darubini ya zamani ya kuchungulia kwa jicho ni hatari kupita jicho tupu, kwa sababu inakusanya mwanga wote na kuuelekeza ndani ya jicho. Nunua inayoonyesha picha kwenye kioo cha skrini. Tochi nyekundu ya kutafutia mikatiko nayo ni leza, usimmulike mwenzako usoni.

Pili, kofia ya plastiki. Kofia inazuia kugongwa na vumbi la nje. Haithibitishi kwamba ncha ni safi. Plastiki yenyewe huacha mabaki ya kiwandani, na kofia zilizokaa mfukoni pamoja na sarafu na karanga zinarudi kwenye ncha na kila kitu. Patchi mpya iliyotoka kwenye mfuko uliofungwa nayo inakaguliwa. Hili watu hulikataa mpaka waone kwenye skrini.

Kwenye skrini unaona nini? Duara la kijivu, ndilo unyuzi, na katikati kidoa kidogo chenye mwanga tofauti, ndicho kiini. Alama ya kidole inaonekana kama ramani ya madoa yenye kingo za mafuta. Vumbi ni vidonge vyeusi. Spiriti iliyoachwa ikauke yenyewe inaacha pete hafifu, moja ndani ya nyingine. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi huu, IEC 61300-3-35, kinagawa ncha katika kanda, na kanda ya kati, yenye kipenyo cha maikromita 25, ndiyo yenye masharti makali zaidi. Doa likiwa pembeni kabisa linaweza kusamehewa, katikati, hapana.

Mpangilio ni kukagua, kusafisha, kukagua tena. Anza na usafi mkavu: kalamu ya kusafishia, ya milimita 1.25 kwa LC na 2.5 kwa SC na FC, sukuma mpaka ilie. Uchafu ukigoma, tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, tone dogo tu, futa kwa mwelekeo mmoja kutoka penye unyevu kuelekea pakavu, na mahali ulipofutia usiparudie. Spiriti ya duka la dawa yenye maji mengi inaacha ukungu. Kupuliza kwa mdomo ni kutema mate kwenye kioo. Kufuta kwa shati ni kubadilishana mafuta ya mwili na nyuzi za pamba, na bado ninawaona watu wazima wenye vyeti wakifanya hivyo.

Na safisha pande zote mbili. Fundi anaisafisha patchi iliyo mkononi kwa sababu anaiona; ile iliyo nyuma ya adapta, ndani ya paneli, haiguswi tangu siku paneli ilipofungwa. Kwetu siku hiyo mara nyingi ni siku ambayo jengo bado linakatwa vigae na kupakwa rangi, chumba cha seva hakina mlango, na kiyoyozi kitakuja mwezi ujao.

Rangi nazo ni sehemu ya usalama. Kichwa cha bluu kina ncha iliyonyooka, cha kijani kina ncha yenye ulalo wa digrii 8. Vinaingiliana bila kulalamika, kwa sababu umbo la nje ni lilelile. Ukivichanganya, vioo havikutani, kunabaki pengo la hewa, na unapata hali ileile ya Gran Sasso: mwanga unapita, ila pungufu, na mwingine unarudi ulikotoka. Vilevile vinaweza kuumizana.

Kuhusu mikunjo sitasema mengi. Faiba ya kiwango cha G.652 isikunjwe chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, ya kiwango cha G.657.A1 inafika 10. Funga kwa velkro, si kwa vibano vya plastiki vinavyokaza mpaka ganda linabonyea. Ukitaka kujua kama upotevu ni wa mkunjo au wa ncha, pima kwa 1310 na kwa 1550: mkunjo unaumiza zaidi 1550, wakati uchafu na kulegea havichagui sana.

Vipande vya kioo vinavyobaki baada ya kukata haviingii kwenye zulia wala kwenye pipa la kawaida. Vina chupa yake yenye kifuniko. Vaa miwani, tandika kitambaa cheusi ili uvione, na chai ibaki nje ya chumba mpaka unawe mikono.

Kisha pima kabla ya kuchomeka. Chomeka kwenye kipima mwanga kile kichwa ambacho kingeingia kwenye kifaa, soma, linganisha na hesabu uliyoifanya mezani. Ulitarajia -7, unaona -13: usichomeke. Kipimo hiki kinakulinda na upande wa pili pia. Moduli za 10G za kilomita 80 zinatuma kwa nguvu, na vipokezi vyake havitakiwi kuzidishiwa zaidi ya -7 hivi. Ukizijaribu mezani kwa patchi ya mita mbili bila kipunguza mwanga unaweza kuunguza kipokezi kabla hakijafika mahali pa kufungwa.

Yaliyofuata

Machi 2012 ICARUS, jaribio jingine la palepale Gran Sasso, lilipima nyutrino za CERN likakuta zinakwenda kwa mwendo wa mwanga. Mwisho wa mwezi huo Antonio Ereditato, msemaji wa OPERA, alijiuzulu, na Autiero naye akaacha nafasi yake ya uratibu. Juni, kwenye mkutano wa Kyoto, OPERA wenyewe waliwasilisha hesabu iliyosahihishwa: tofauti ya nanosekunde 6.5, ndani kabisa ya kosa la kipimo. Mwaka 2015 walitangaza nyutrino ya tano ya aina ya tau, yaani iliyogeuka njiani, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao tangu mwanzo.

Kujiuzulu kule kulizungumzwa sana, na sina ugomvi nako. Ila naona umakini wote ulikwenda kwa waliosimama jukwaani, na mchache sana kwenye utaratibu wa chumba cha vifaa. Swali langu ni la chini zaidi: mwaka 2008, mtu yeyote alipokigusa kile kichwa, palikuwa na daftari la kuandika kwamba kimeguswa, na kanuni kwamba kilichoguswa kinapimwa upya siku hiyohiyo? Thamani ya 40,996 iliendelea kutumika ilhali kitu ilichokipima kilikuwa kimebadilika.

Hata hivyo ni thamani hiyohiyo iliyowaokoa. Desemba 2011 walikuwa na namba ya zamani ya kulinganisha nayo, na tofauti ya 73 ikajitokeza mara moja. Bila namba ya awali wangepima, wakapata 41,069, wakaona ni sawa tu kwa faiba ya kilomita 8.3. Ndiyo maana siku ya makabidhiano nasoma kiwango cha mwanga kinachopokelewa kwenye moduli za pande zote mbili, maana swichi nyingi za kisasa zinakionyesha kwa amri moja, na nakiandika kwenye karatasi inayobaki ndani ya kabati pamoja na tarehe, urefu wa mawimbi na jina la aliyechomeka. Kila atakayechomoa anaandika chini yake kiwango kipya. Kikishuka desibeli 2 bila sababu inayojulikana, anarudi kwenye ncha kabla ya kuagiza swichi.